Tundu Lipi Ni Chanya? Juu ya Kufundisha Mkondo Mnyoofu na Mkondo Geu

Kuna makosa ya mwalimu ambayo hufutika jioni pamoja na chaki, na kuna makosa ambayo hutoka darasani yakiwa yamebebwa na mtoto, yakaenda naye nyumbani. Katika makala haya twataka kuwasimulia walimu wenzetu mnaojiandaa kuanza kazi kosa letu moja la namna hiyo ya pili, kisha tueleze jinsi tulivyojifunza kulifundisha upya somo lililotushinda. Somo lenyewe ni umeme, na hasa tofauti iliyopo kati ya mkondo mnyoofu, ambao ni umeme wa betri, na mkondo geu, ambao ni umeme uletwao majumbani kwa nyaya.

Ilikuwa mwaka 1979, mwaka wetu wa kwanza wa kazi, katika shule moja ya msingi ya bonde la Pangani. Shule haikuwa na umeme, wala kijiji hakikuwa nao. Hata hivyo watoto wetu waliishi chini ya umeme kwa maana halisi ya neno hilo: nyaya nene zitokazo kituo cha Hale, kilichoanza kuzalisha umeme wa maji mwaka 1964, zilipita juu ya mashamba ya mkonge zikielekea mbali. Umeme ulikuwa kwetu kama jirani apitaye kila siku pasipo kubisha hodi.

Tulilifundisha Darasa la Sita kwa zana tulizoweza kuzipata: mawe mawili ya tochi, glopu ndogo, vipande vya waya, na swichi iliyokatwa kutoka katika bati la kopo. Tuliwaonyesha wanafunzi kwamba mkondo hutoka katika ncha chanya ya betri, hupita katika glopu, na hurudi kwenye ncha hasi. Tuliikata njia, taa ikazimika, tukaiunga, ikawaka. Tuliwahimiza wazishike nyaya kwa vidole ili wajionee kwamba hazina madhara. Kwa kipimo cha mkaguzi yeyote, lilikuwa somo zuri. Zana zilikuwapo, wanafunzi walishiriki, na lengo lilifikiwa.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono. “Mwalimu,” alisema, “nyumbani kwa mjomba, mjini, kuna matundu ukutani. Tundu lipi ni chanya, na lipi ni hasi?”

Hatukujua. Jambo la kusikitisha si kwamba hatukujua, maana hakuna mwalimu ajuaye yote. Jambo la kusikitisha ni kwamba tuliona haya kusema hivyo mbele ya watoto arobaini na watano waliokuwa wametusikiliza kwa furaha muda wote. Tukajibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika kuwa la kulia ni chanya na la kushoto ni hasi. Kengele ikalia, nasi tukashukuru.

Jumamosi iliyofuata mvulana yule alikwenda kwa mjomba wake. Alichukua glopu ya tochi, akaifunga nyaya mbili, akazichomeka katika soketi ya kizamani yenye matundu ya mviringo. Glopu ilipasuka, cheche kubwa ikaruka, fyuzi ya nyumba ikakatika. Kwa bahati njema nyaya zilikuwa na mpira mahali alipozishika, lakini vidole vyake viwili na sehemu ya kiganja viliungua.

Jumatatu alikuja shuleni akiwa amefungwa kitambaa mkononi. Hakuja kulalamika. Alitungoja nje ya ofisi, akatuambia kwa upole: “Mwalimu, nilianza na la kulia, kama ulivyosema, lakini glopu ilipasuka. Nilikosea wapi?” Mtoto alikuwa akitafuta kosa katika kazi yake mwenyewe, na kosa lilikuwa letu.

Siku ya pili yake akaja bibi yake. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi kwa muda bila kusema neno. Kisha akasema: “Mjukuu wangu amekatazwa kuugusa ukuta ule mara nyingi. Safari hii alijibu kwamba mwalimu amemwonyesha njia. Basi, mwanangu, mwonyeshe na njia ya kurudi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotupeleka kusoma. Tulianza kwa fundi mmoja wa umeme, naye aliposikia jibu tulilolitoa alitikisa kichwa. “Humo hamna chanya wala hasi, Mwalimu,” alisema. “Kuna waya wenye moto na waya usio na moto.” Fundi alikuwa amesema kweli, lakini ilituchukua majuma kadhaa ya kusoma vitabu kuelewa kwa nini ni kweli.

Betri husukuma umeme kwa nguvu ya kemikali zilizomo ndani yake. Kemikali hizo zimepangwa ili ncha moja iwe chanya daima na nyingine hasi daima, na kwa hiyo mkondo huenda upande mmoja tu mpaka betri iishe. Huo ndio mkondo mnyoofu. Umeme wa ukutani hautoki katika kemikali. Hutoka katika mtambo ambamo sumaku na nyaya zilizoviringwa huzunguka, kimoja mbele ya kingine. Ncha ya kaskazini ya sumaku ikipita mbele ya koili, mkondo husukumwa upande mmoja; ikifuata ncha ya kusini, mkondo husukumwa upande wa pili. Maadamu mtambo unazunguka, mkondo hauna budi kwenda na kurudi. Huo ndio mkondo geu. Katika nchi yetu mwendo huo hukamilika mara 50 kwa sekunde, na kwa kuwa kila safari ina kwenda na kurudi, mwelekeo hubadilika mara 100 kwa sekunde. Kabla mtoto hajamaliza kulitamka neno “chanya”, tundu alilolinyoshea kidole limekwisha kuwa chanya na hasi mara nyingi.

Tofauti iliyopo baina ya matundu yale mawili ni nyingine. Waya mmoja, uitwao nyutro, umeunganishwa na ardhi kule kwenye mfumo wa kugawa umeme, kwa hiyo volti yake haitofautiani sana na ile ya ardhi. Waya wa pili, ule wenye moto, ndio unaopanda na kushuka, mara juu ya ardhi kwa volti, mara chini yake. Mtu aliyesimama ardhini akiugusa, mwili wake huwa njia. Wala nyutro isiguswe, maana mafundi huweza kuzibadilisha nyaya kwa makosa, na waya uliokatika mahali fulani huweza kuwa na moto bila dalili yoyote.

Katika kusoma huko tulipata faraja tusiyoitarajia. Michael Faraday aligundua huko Uingereza mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzalisha mkondo. Mwaka uliofuata, 1832, Hippolyte Pixii alitengeneza huko Paris mashine ya kuzungushwa kwa mkono kwa kufuata kanuni hiyo. Mashine ilitoa mkondo uliogeuka-geuka. Watu wa wakati ule walizoea umeme wa betri, ambao Alessandro Volta aliutangaza mwaka 1800, na hawakuona faida ya mkondo usiotulia. Ndipo Pixii, kwa shauri la André-Marie Ampère, akaongeza kifaa cha kuunyosha. Kwa hiyo hata wataalamu waliotutangulia walidhani kwamba umeme wa kweli ni ule wa betri, na huu mwingine una kasoro. Tofauti kati yao na sisi ni kwamba wao waliitazama mashine kwanza, ndipo wakasema.

Sasa tugeukie njia za kufundisha. Tumezijaribu kwa miaka mingi, nasi twazipendekeza kwa mpangilio ufuatao.

Hatua ya kwanza ni kutumia vitu ambavyo mtoto anavijua. Lete baiskeli darasani, uipindue, uzungushe pedali. Mnyororo huenda upande mmoja, na pingili zake zote huondoka kwa wakati mmoja. Pingili ya nyuma haingoji ya mbele ifike. Hivyo ndivyo ulivyo mkondo mnyoofu, na ndiyo sababu taa huwaka mara tu swichi ibonyezwapo. Kisha waulize wanafunzi ni nani amewaona watu wawili wakikata gogo kwa msumeno mrefu, kila mmoja ameshika mpini wake. Msumeno huenda na kurudi, na mwisho wa kazi umebaki palepale ulipoanzia, lakini gogo limekatika. Hivyo ndivyo ulivyo mkondo geu. Mfano huu hulijibu swali ambalo mwanafunzi mwerevu hataacha kuliuliza: ikiwa umeme huenda na kurudi, unaifikishaje kazi nyumbani? Kazi hufanyika katika kwenda, na kazi hufanyika katika kurudi. Glopu hupata moto kwa yote mawili.

Lakini mwalimu asisahau kusema kwamba kila mfano una mahali unapokomea. Msumeno unaonekana kwa macho na mkondo hauonekani. Msumeno huenda na kurudi polepole, na mkondo mara 50 kwa sekunde.

Hatua ya pili ni dira na koili. Viringa waya mwembamba wenye kihami mamia ya mizunguko juu ya bomba la karatasi ngumu. Ncha zake uziunge na koili nyingine ndogo iliyozungushiwa dira. Iunganishe betri kwa nukta moja: sindano huinamia upande mmoja na kubaki huko. Igeuze betri: sindano huinamia upande wa pili. Kisha iondoe betri, uzifunge nyaya pamoja, uiingize sumaku ya fimbo ndani ya bomba kwa haraka. Sindano huruka upande mmoja. Itoe sumaku, sindano huruka upande wa pili. Hapa mtoto ameuona mkondo geu ukizaliwa mkononi mwake. Tahadhari moja: dira na iwe mbali na sumaku. Mara ya kwanza tuliziweka karibu, na sindano ilikuwa ikivutwa na sumaku yenyewe, si na mkondo. Ili kuhakikisha, ikate njia ya waya uisogeze sumaku vilevile. Sindano ikitikisika, sogea mbali zaidi.

Hatua ya tatu haikuwezekana mwaka 1979, lakini leo ni rahisi. Chukua taa mbili ndogo za diodi, nyekundu na kijani. Diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Ziunge sambamba zikiwa zimegeuziana ncha, ukiweka rezista ya omu 100 kabla ya kuzifikia. Ziunganishe na mawe mawili ya tochi: nyekundu huwaka peke yake. Ligeuze jiwe: kijani huwaka peke yake. Sasa ziunganishe na dinamo ya baiskeli, uizungushe polepole kwa vidole. Nyekundu, kijani, nyekundu, kijani: zapokezana. Ongeza mwendo kidogo, na zote mbili huonekana kama zinawaka pamoja. Wanafunzi wetu waliokuwa wakinong'ona hunyamaza hapo. Waeleze kwamba hata glopu ya dari hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, bali macho yetu hayana wepesi wa kuliona hilo.

Hatua ya nne ni kusoma. Waombe wanafunzi walete chaja ya simu, hata iliyoharibika, wasome maandishi yake. Wataona kwamba kwenye upande wa kuingiza umeme pameandikwa AC au alama ya wimbi, pamoja na volti 100 mpaka 240. Na kwenye upande wa kutoa pameandikwa DC au alama ya mstari mnyoofu, pamoja na volti 5. Chaja hufanya kazi mbili: huzipunguza volti na huunyosha mkondo, kwa kuwa betri ya simu haiwezi kujazwa na mkondo unaotia na kutoa kwa kipimo kilekile.

Hapo mwanafunzi atauliza: kwa nini basi tusipelekewe mkondo mnyoofu tangu mwanzo? Swali hili lastahili jibu kamili. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York, kilichotoa mkondo mnyoofu wa volti 110. Taa ziliwaka vizuri, lakini kwa wateja waliokaa karibu tu, kwa sababu mkondo ukisafirishwa mbali huzipasha nyaya moto na kupotea njiani. Upotevu huo hutegemea mraba wa mkondo. Tuseme tunataka kupeleka wati 2,300. Kwa volti 230 twahitaji ampea 10. Kwa volti 2,300 twahitaji ampea 1 tu. Mkondo umepungua mara 10, na upotevu katika waya uleule umepungua mara 100. Hivyo siri ya kusafirisha umeme ni kuzipandisha volti, na kuzishusha tena karibu na nyumba. Kifaa kifanyacho hivyo kwa wepesi ni transfoma, yaani koili mbili juu ya chuma kimoja; lakini koili ya pili hupata umeme pale tu sumaku ya koili ya kwanza inapobadilika. Ukiipa mkondo mnyoofu, sumaku hutulia na koili ya pili hukaa kimya. Mkondo geu huibadilisha sumaku bila kupumzika. Kwa sababu hiyo kampuni ya George Westinghouse, iliyotumia mitambo ya Nikola Tesla, ilishinda, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mkondo geu.

Tusiwafundishe watoto, hata hivyo, kwamba mkondo mnyoofu ulishindwa milele. Mitambo ya kisasa inaweza kuzipandisha volti za mkondo geu, kuunyosha, kuusafirisha, na kuugeuza tena mwisho wa safari. Kwa masafa marefu sana njia hiyo hupoteza umeme kidogo zaidi. Tangu mwaka 1982 umeme wa Inga, karibu na mlango wa mto Kongo, umekuwa ukisafirishwa kwa mkondo mnyoofu kiasi cha kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Mwaka 2022 ilianza kutumika njia ya volti 500,000 ya mkondo mnyoofu kutoka Wolayta-Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Na mapaa mengi ya vijijini sasa yana paneli za sola, ambazo hutoa mkondo mnyoofu moja kwa moja kutoka katika mwanga wa jua.

Hatuna budi kukiri kosa la pili, maana tulilifanya tukidhani tunalisahihisha la kwanza. Baada ya ajali ile tuliwaambia wanafunzi kwamba mkondo geu ni wa hatari na mkondo mnyoofu ni salama. Hilo nalo si kweli. Glopu ya yule mvulana ilitengenezwa kwa volti kama 3, akaipa volti 230, yaani zaidi ya mara 70. Ingepasuka vilevile kama volti hizo zingekuwa za mkondo mnyoofu. Glopu ya volti 12 huwaka salama kwa mkondo wa aina yoyote, mradi volti ziwe 12. Tofauti ya mwelekeo ni jambo moja, na tofauti ya msukumo ni jambo jingine. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili humwacha mtoto na woga mahali pasipohitaji woga, na ujasiri mahali pa kifo. Ni kweli kwamba mkondo geu wa majumbani huuvuruga moyo kwa urahisi zaidi kuliko mkondo mnyoofu wa kipimo kilekile. Lakini paneli nyingi za sola zikiungwa mfululizo hutoa mamia ya volti ambazo huua. Tena cheche ya mkondo mnyoofu huwa ngumu kuzimika, kwa kuwa mkondo huo haupiti kwenye sifuri kama ufanyavyo mkondo geu. Na ndiyo sababu swichi iliyotengenezwa kwa umeme wa ukutani haifai kutumiwa ovyo katika umeme wa paneli.

Tulirudi mbele ya Darasa la Sita siku ya Ijumaa. Tuliwaambia kwamba jibu tulilolitoa juu ya matundu halikuwa la kweli, kwamba tulilitoa bila kujua, na kwamba mwenzao ameumia kwa sababu hiyo. Tulikuwa tumeogopa kwamba heshima yetu ingeporomoka. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha mvulana yule akanyosha mkono wake uliofungwa kitambaa, akauliza swali jingine: ule waya wenye moto, ukipanda na kushuka, katikati hapo kuna wakati hauna moto kabisa?

Swali lilikuwa zuri kuliko majibu yote tuliyokuwa tumeyatoa muhula huo. Tulimwambia kwamba hatuna hakika, tukaliandika kwenye pembe ya ubao, tukalijibu juma lililofuata baada ya kusoma: naam, upo, mara 100 kila sekunde, lakini ni mfupi kiasi kwamba hakuna mkono uwezao kuutumia.

Pembe ile ya ubao hatukuifuta tena. Katika kila shule tuliyohamia tuliitenga kwa ajili ya maswali ambayo mwalimu hajayajua bado, nanyi mtafanya vema mkitenga ya kwenu tangu siku ya kwanza. Mtoto akuulizapo jambo usilolijua, andika hapo. Ukijibu kwa kubahatisha, kumbuka kwamba hatalijaribu jibu lako mbele yako. Atalijaribu Jumamosi, mahali ambapo wewe hupo.